Jina la Tina Turner lilikuwa mali ya nani?

Tangu mwimbaji Tina Turner alipofariki dunia tarehe 24 Mei 2023, nyumbani kwake Küsnacht, kando ya Ziwa la Zürich nchini Uswisi, akiwa na umri wa miaka 83, mabishano yale yale huzuka kila nyimbo zake zinapopigwa mbele ya watu wa makamo. Mmoja atasema huyu ndiye mwanamke aliyepigwa na mumewe mpaka akatoroka. Mwingine atauliza: ikiwa mume alikuwa mkatili kiasi hicho, mbona alibaki na jina lake mpaka mwisho wa maisha? Wa tatu atadai kwamba mama huyu hakuwa mwimbaji wa roki hata kidogo, kwa kuwa roki ni muziki wa Wazungu wenye magitaa. Swali la jina ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu watu hulijibu upesi na hulijibu vibaya. Wapo wanaosema alikuwa bado anampenda, na wapo wanaosema hakuwa na msimamo. Jibu halisi limo katika kumbukumbu za mahakama na katika historia ya biashara ya muziki, na ukilifuata tangu mwanzo utakuwa umeyaelewa maisha yake karibu yote.

Kwanza tukubaliane juu ya maneno. Jina la jukwaani ni jina analolitumia msanii mbele ya watu, ambalo mara nyingi si lile alilopewa na wazazi wake. Sisi wenyewe tulimjua Bi Kidude kwa jina hilo, ilhali alizaliwa Fatuma binti Baraka. Alama ya biashara ni kitu kingine: ni jina au nembo iliyosajiliwa kisheria kwamba ni mali ya mtu fulani, ambaye peke yake ana haki ya kuitumia kuuzia bidhaa au huduma. Jina moja linaweza kuwa vyote viwili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo matatizo huanzia.

Chukua mfano wa fundi cherehani hodari aliyeajiriwa katika duka la mtu. Mwenye duka anatundika kibao mlangoni kilichoandikwa «Kwa Mama Zuhura», jina alilolibuni mwenyewe. Wateja wanaingia, wanamwita fundi Mama Zuhura, naye anaitika. Miaka inapita, magauni yanashonwa, na sifa yote ya mkono wake inajikusanya kwenye kile kibao. Siku fundi atakapoondoka, mkono ataondoka nao, lakini kibao kitabaki mlangoni, na mwenye duka anaweza kumketisha mwanamke mwingine kwenye cherehani ile ile na kumwita Mama Zuhura. Ushike mfano huu, kwa maana ndivyo ilivyokuwa kwa Tina Turner, isipokuwa kwamba mwenye duka alikuja pia kuwa mumewe.

Neno la mwisho ni roki. Muziki huu ulichipuka Marekani katika miaka ya 1940 na 1950 kutokana na bluzi, nyimbo za kanisani na muziki wa dansi wa Wamarekani Weusi, ukachanganyika na muziki wa mashambani wa Wazungu wa kusini. Ni kama unga wa ngano, unaotoa chapati, maandazi na mkate. Kinachotofautisha ni mkono na moto. Sokoni, hata hivyo, santuri zilitenganishwa kwa rangi ya mwimbaji. Hadi mwaka 1949 jarida la muziki la Billboard lilikuwa na chati, yaani orodha ya santuri zinazopendwa zaidi, iliyoitwa waziwazi chati ya santuri za watu wa rangi, na mwaka huo ndipo lilipoibadilisha jina na kuiita rhythm and blues, ambayo leo tunaifupisha kuwa R&B. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba mwanamke Mweusi hawezi kuwa mwimbaji wa roki, anarudia mgawanyo uliowekwa na wauza santuri, na mgawanyo huo haukutokana na muziki wenyewe.

Tina Turner alizaliwa kwa jina la Anna Mae Bullock tarehe 26 Novemba 1939 Brownsville, katika jimbo la Tennessee, akakulia Nutbush, kijiji cha mashamba ya pamba ambako baba yake alikuwa msimamizi wa vibarua. Alichuma pamba utotoni na kuimba katika kwaya ya kanisa la Kibaptisti. Mama yake aliihama nyumba wakati binti akiwa na umri wa miaka 11 hivi, naye akalelewa na bibi yake. Bibi alipofariki, Anna Mae, sasa akiwa na miaka 16, alimfuata mama yake St. Louis. Ng'ambo ya Mto Mississippi, huko East St. Louis, palikuwa na ukumbi ulioitwa Club Manhattan, na bendi iliyotamba humo iliitwa Kings of Rhythm, chini ya Ike Turner, ambaye ndiye aliyekuja kuwa mumewe. Usiku mmoja wa mwaka 1957, bendi ikiwa mapumzikoni, mpiga dramu alimsogezea maikrofoni Alline, dada yake Anna Mae, ili aimbe kwa kujifurahisha. Alline akakataa, mdogo wake akaichukua, akaimba wimbo wa B.B. King. Ike, aliyekuwa amebaki kwenye kinanda, alimwita jukwaani, na punde akamwingiza kwenye bendi kwa jina la Little Ann.

Ni lazima tumweleze Ike kwa haki, maana bila hivyo jambo la jina halieleweki. Mwaka 1951, akiwa kijana wa Clarksdale, Mississippi, alikwenda na bendi yake Memphis kurekodi wimbo uitwao «Rocket 88», ambao wanahistoria wengi huutaja miongoni mwa santuri za mwanzo kabisa za rock and roll. Wimbo ulifika kileleni mwa chati ya R&B. Lakini kampuni ya Chess ilipoitoa santuri, haikuandika jina la Ike wala la bendi yake. Iliandika jina la Jackie Brenston, mpiga saksafoni aliyeimba wimbo huo, naye Brenston akaondoka zake na ile sifa. Ike hakulisahau jambo hilo. Alikuwa ameonja maana ya kufanya kazi yako ikatembea mjini kwa jina la mwingine, na funzo alilolipata, kwa bahati mbaya, lilikuwa ni kuhakikisha kwamba safari nyingine mwenye jina atakuwa yeye.

Nafasi ilijitokeza mwaka 1960. Ike alikuwa ametunga wimbo «A Fool in Love» kwa ajili ya mwimbaji wa kiume, mwimbaji yule hakutokea studio, na Little Ann akaimba ili kushika nafasi tu. Juggy Murray, mwenye kampuni ya Sue Records ya New York, aliposikia sauti ile alisema anaitaka vile vile ilivyo. Ike akabuni jina jipya. Alilipata kwa kulifananisha kimatamshi na Sheena, malkia wa porini katika vitabu vya katuni na televisheni, akaambatanisha jina la ukoo wake, akapata «Tina Turner», kisha akalisajili kuwa mali yake. Shabaha yake ilikuwa wazi: mwimbaji huyu akiondoka kama walivyoondoka wengine, atatafutwa mwanamke mwingine, naye ataitwa Tina Turner. Mwimbaji mwenyewe alisimulia baadaye katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1986 kwamba alipojaribu kumwambia Ike kuwa hataki, alipigwa kichwani kwa kifaa cha mbao cha kutanulia viatu. Wakati huo alikuwa mjamzito.

Hapa ndipo pa kusimama kidogo, kwa maana kosa kubwa la wanaobishana liko kwenye tarehe. Santuri yenye majina Ike na Tina Turner ilitoka mwaka 1960, wakati wawili hao hawajaoana. Ndoa yao ilifungwa Tijuana, Mexico, mwaka 1962. Kwa hiyo Anna Mae hakupata jina la Turner kwa kuolewa, kama desturi ya mke kuchukua jina la mume. Alivishwa jina hilo kazini, kama fundi wetu chini ya kibao cha Mama Zuhura, na ndoa ikaja baadaye.

Kwa miaka 16 tangu santuri ile ya 1960 kundi lao lilizunguka Marekani bila kupumzika. Jinsi kibao kilivyofanya kazi inaonekana vizuri katika mkasa wa mwaka 1966. Mtayarishaji Phil Spector alitaka sauti ya Tina peke yake kwa wimbo «River Deep – Mountain High», na alikubaliana na Ike kwamba asikanyage studio. Ike hakuimba humo, hakupiga chombo chochote, hakutunga. Hata hivyo santuri ilitoka kwa jina la Ike na Tina Turner. Uingereza ilifika nafasi ya 3. Marekani iliishia nafasi ya 88, kwa sababu vituo vya redio vya Weusi viliuona una mlio wa popu ya Wazungu, na vituo vya Wazungu vilimwona mwimbaji ni Mweusi. Mwaka ule ule Waingereza wa bendi ya Rolling Stones waliwachukua ziarani, na vijana wa roki wa Ulaya wakaanza kumtambua kuwa ni mmoja wao.

Anayetaka kuisikia roki ndani ya sauti yake asikilize alivyoufanya «Proud Mary». Wimbo huo ni wa John Fogerty, ulioimbwa na bendi yake ya Creedence Clearwater Revival mwaka 1969 kwa mwendo mmoja wa kati, kama mashua inayoshuka mto. Tina anaanza kwa kuzungumza, kwa sauti ya chini yenye mikwaruzo, akiwaambia wasikilizaji kwamba wataanza polepole, lakini kumaliza watamaliza kwa vishindo. Kisha anaimba kwa utulivu, Ike akiitikia kwa besi nyuma yake, mpaka unadhani ahadi ya vishindo imesahauliwa. Ghafla dramu zinapasuka, tarumbeta zinaingia, miguu inaanza kukimbia palepale iliposimama, na sauti ile ile iliyokuwa ikinong'ona inakwaruza kama msumeno juu ya bati. Mwaka 1971 wimbo ulifika nafasi ya 4 Marekani na kuwapatia tuzo ya Grammy.

Wapo wanaoona kasoro kwamba nyimbo zake kubwa zilitungwa na wengine. Katika taarabu hakuna anayeshangaa mashairi yakiwa ya mtu mmoja, muziki wa mwingine na sauti ya wa tatu, na sioni kwa nini tumshangae Tina. Na kutunga alitunga: «Nutbush City Limits» ya mwaka 1973, wimbo kuhusu kijiji alichokulia, uliandikwa na yeye mwenyewe, na utaona hivi punde kwamba jambo hilo lilimfaa.

Nyuma ya pazia hali ilikuwa mbaya, kutokana na kipigo, kokeini ya Ike, na fedha ambazo zote zilipita mikononi mwake. Ike alikiri katika kitabu chake cha mwaka 1999 kwamba alimpiga, ingawa alibishia ukubwa wa mambo. Cha ajabu ni kwamba kichwa chenyewe cha kitabu kile kilizungumzia kulirudisha jina lake. Mwanzoni mwa Julai 1976, wakiwa wamewasili Dallas kwa maonyesho, walipigana ndani ya gari kutoka uwanja wa ndege, na safari hii Tina alirudisha mapigo. Ike aliposinzia hotelini, yeye alitoka kwa mlango wa nyuma akiwa na nguo yenye damu, akaivuka barabara kuu kwa miguu huku magari makubwa yakipita, akaingia hoteli ya upande wa pili na kuomba chumba. Alikuwa na senti 36 na kadi ya kununulia mafuta ya gari. Meneja alimpa chumba.

Sasa tufike mahakamani, ambako jibu la swali letu liliandikwa. Talaka ilikamilika mwaka 1978. Katika mashauri yale Tina aliacha madai ya nyumba, studio na fedha. Alipata magari mawili na mirabaha ya utunzi wa nyimbo alizoziandika mwenyewe, ile ya Nutbush ikiwemo, na pia alibebeshwa madeni ya mapromota ambao maonyesho yao yalivunjika alipotoroka. Kitu kimoja tu alikidai bila kulegeza: haki ya kuendelea kuitwa Tina Turner. Jaji alimpa.

Fikiria alichokuwa anakitazama. Alikuwa na umri wa miaka 38, ana watoto wanne wa kulea, wawili wa kuwazaa na wawili wa Ike, na hakuna kampuni ya kurekodi iliyomkimbilia. Kama angerudi kuitwa Anna Mae Bullock, mkono wake ungekuwa ule ule, lakini hakuna mwenye ukumbi ambaye angejua amwandike nani kwenye tangazo. Sifa ya miaka 16 ilikuwa imekaa kwenye kibao, na kama kingebaki mikononi mwa Ike, angeweza kumsimamisha mwanamke mwingine chini yake, kama alivyokusudia tangu mwanzo. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wa kibiashara wenye akili kuliko yote aliyoyafanya, na aliufanya wakati hana hata nauli. Wanaosema alibaki na jina kwa mapenzi wanamnyima sifa anayoistahili.

Dhana nyingine ya kuondoa ni kwamba mwaka 1984 aliibuka tu kwa bahati. Kati ya talaka na mwaka huo kuna miaka sita ambayo filamu kuhusu maisha yake huipitia kwa haraka. Kwa muda aliishi kwa msaada wa chakula wa serikali, akajitokeza katika vipindi vya mashindano vya televisheni, akaimba katika kumbi za mahoteli akiwa amevaa magauni ya manyoya, akatoa albamu mbili ambazo hazikuuzika. Meneja kutoka Australia, Roger Davies, alipomchukua, alimshauri aachane na mapambo yale na kurudi kwenye bendi ndogo ya magitaa na dramu. Mwimbaji mwenyewe alikuwa amekwisha kusema anataka kujaza viwanja kama wanavyojaza wanaume wa roki. Uingereza, ambayo haikuwahi kumsahau, ndiyo iliyofungua mlango: mwaka 1983 wimbo wa Al Green «Let's Stay Together», alioutengeneza na wanamuziki vijana wa kutumia sintesaiza, ulifika nafasi ya 6 huko. Mwimbaji Mwingereza David Bowie naye alikuwa amewaambia wakubwa wa kampuni ya kurekodi kwamba usiku ule anakwenda kumsikiliza mwimbaji ampendaye kuliko wote, nao wakamfuata ukumbini.

Albamu «Private Dancer» ilirekodiwa Uingereza kwa wiki chache tu, ikatoka Mei 1984. Wimbo wake «What's Love Got to Do with It», ambao mwanzoni hakuupenda, ulishika nafasi ya kwanza Marekani, na Tina akiwa na umri wa miaka 44 akawa mwanamke mwenye umri mkubwa kuliko wote waliowahi kuongoza chati ile peke yao hadi wakati huo. Mwaka uliofuata alitwaa tuzo tatu za Grammy, mojawapo ya mwimbaji bora wa kike wa roki, na tuzo hiyo hiyo ya roki akaipata tena mwaka 1986 na 1987. Januari 1988 alisimama katika uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, mbele ya watu wapatao 180,000. Yule anayesema hakuwa mwimbaji wa roki awaulize hao.

Wengi wetu tumeyajua haya kupitia filamu ya mwaka 1993 ambayo Angela Bassett aliigiza kama Tina. Ameigiza vizuri mno, lakini filamu ni filamu. Rafiki aitwaye Jackie, anayemfundisha Tina sala za Kibudha, hakuwahi kuwepo, amebuniwa. Dini hiyo Tina aliifuata kweli tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na aliifuata hadi mwisho. Yeye mwenyewe hakufurahia kuonyeshwa kama mtu wa kuonewa tu, na ukizingatia alichokifanya mahakamani mwaka 1978, unaelewa kwa nini.

Miaka ya baadaye ilikuwa na utulivu zaidi. Mwaka 1986 alikutana na Erwin Bach, Mjerumani aliyefanya kazi katika kampuni ya muziki, wakaishi pamoja kwa miongo kadhaa kabla ya kuoana mwaka 2013, mwaka ambao pia alipata uraia wa Uswisi na kuukana wa Marekani. Figo zake ziliposhindwa kazi, Bach alimpa moja ya zake mwaka 2017. Aliwazika wanawe wote wawili wa kuwazaa, Craig mwaka 2018 na Ronnie Desemba 2022.

Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki huko Marekani, ilimwingiza mara mbili. Mwaka 1991 aliingizwa pamoja na Ike, wala hakuna kati yao aliyehudhuria. Mwaka 2021 aliingizwa peke yake. Oktoba mwaka huo huo aliiuzia kampuni ya BMG haki zake za muziki, na ndani ya mauzo hayo zilikuwamo haki za picha yake na za jina lake. Jina lililobuniwa na Ike ili mwimbaji yeyote aweze kuvishwa liliuzwa, miaka 61 baadaye, na yule aliyelivaa, kwa bei aliyoikubali mwenyewe.

Kati ya Brownsville na Nutbush inapita barabara namba 19 ya jimbo la Tennessee, ile aliyoitaja katika wimbo wake wa mwaka 1973. Tangu mwaka 2002 kipande hicho cha barabara kina kibao chake rasmi, na kibao kinasomeka Tina Turner.